Maswali ya wasomaji: Tonsesi, kimeo na kisu cha Jumamosi

Tangu baridi ya mwezi wa saba, barua za koo ndizo nyingi kuliko zote ninazopokea. Nimesoma kila moja. Leo najibu tano, na mmoja wa walioandika nilimpigia simu kabla sijamaliza kuisoma barua yake. Kwa mnaonisoma mara ya kwanza: mimi ni muuguzi mstaafu. Nilianzia wodi ya watoto, nikamalizia wodi ya masikio, pua na koo, yote hapa Moshi.

*

*Shikamoo Mama. Mwanangu wa kiume ana miaka 6, yuko darasa la kwanza. Tangu Januari tonsesi zimemshika mara nne. Kila mara homa inapanda, anakataa kula, nikimmulika na tochi ya simu naona madoa meupe kooni. Duka la dawa la jirani wananipa amoksilini na siku ya tatu anakuwa mzima. Mama mkwe anasema shida ni kimeo, na kuna mzee huko mlimani anayekata vizuri, kwamba hata mume wangu alikatwa akiwa mdogo. Mume wangu amekaa kimya. Jumamosi wanataka tumpeleke. Nifanyeje? — Mama wa Majengo, Moshi*

Marahaba mwanangu. Jumamosi usimpeleke. Nimeanza na hilo ili hata ukiitwa jikoni sasa hivi uwe umeshapata jibu.

Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia katikati, nyuma kabisa ya mdomo. Tonsesi ni zile nyama mbili za pembeni, moja kulia, nyingine kushoto, ambazo wazee wetu zikivimba walisema mtoto ana mafindofindo. Ni vitu viwili tofauti. Kumkata kimeo mtoto anayeumwa tonsesi ni kama kung'oa jino la juu kwa sababu la chini ndilo linalouma. Na kimeo kina kazi yake: ukimeza, kinanyanyuka pamoja na kaakaa laini kuziba njia ya pua, ndiyo maana uji hautokei puani.

Nikuambie nilichokiona. Usiku mmoja wa masika bibi mmoja aliingia wodini na mjukuu wake wa miaka 2. Walishuka mlimani kwa lori la ndizi, maana saa ile hapakuwa na gari jingine. Mtoto alikuwa amefungwa kwenye kitenge, kimya kabisa. Bibi akasema, "Anatapika nyongo nyeusi." Haikuwa nyongo. Mtoto alikatwa kimeo asubuhi, damu haikukatika, na kwa kuwa alikuwa anaimeza hakuna aliyeiona ikitoka. Viganja vyake vilikuwa vimepauka kama sembe. Aliongezewa damu usiku uleule, na akapona. Wiki chache baadaye alikuja mwingine, naye alitoka kukatwa kimeo, taya zimekaza, mwili unajikunja kila mlango ukigongwa. Pepopunda. Huyo hakupona.

Yule bibi wa kwanza alinishika mkono pale kwenye benchi, akaniambia, "Mimi nilitaka kikohozi kimwachie tu." Sijawahi kumlaumu. Alimpeleka kwa sababu anampenda, kama mama mkwe wako anavyompenda huyu wako. Lakini kisu kile hakichemshwi kati ya mtoto mmoja na mwingine, na damu ya mmoja inaweza kumpelekea mwenzake homa ya ini au virusi vya UKIMWI.

Utauliza, mbona wengine wanapona? Wanapona kwa sababu koo nyingi hupona zenyewe ndani ya wiki moja. Mtoto akikatwa siku ya tano, siku ya saba sifa zinakwenda kwa kisu. Na yule ambaye kikohozi hakimwachii ana chanzo kingine kinachotafutwa kwa vipimo: pumu, nimonia, kifua kikuu, mafua yanayoteremka kooni usiku. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokaa kwenye kimeo.

Kwa hiyo usigombane na mama mkwe. Usimwambie mambo yake ni ya kizamani. Mwombe akusindikize kliniki, akae kwenye kiti kile kilicho mbele ya daktari, aulize mwenyewe na ajibiwe mwenyewe. Nimeona bibi wengi wakitoka pale wamegeuka watetezi wakubwa wa dawa kuliko mama wa mtoto. Na huyo baba aliyekaa kimya mwambie kimya chake kitahesabiwa kuwa ndiyo, kwa hiyo aseme.

Sasa tuje kwenye tonsesi zenyewe. Ni sehemu ya kinga ya mwili, na kwa kuwa zimekaa mlangoni hukutana na vijidudu mapema. Watoto wadogo huwa nazo kubwa kuliko sisi, na ukubwa peke yake si ugonjwa. Aiskrimu haileti tonsesi. Lambalamba haileti tonsesi wala soda baridi. Mwezi wa sita na wa saba zinazidi kwa sababu watoto hukaa wamebanana darasani madirisha yamefungwa, mmoja anakohoa, arobaini wanavuta.

Maumivu mengi ya koo yanatokana na virusi, na virusi haviguswi na amoksilini. Kwa watoto wa umri wa shule, ambao ndio hupata ya bakteria kuliko watu wengine, katika watoto 10 wenye koo bovu labda 2 au 3 ndio wenye bakteria anayeitwa streptokoka. Madoa meupe uliyoyaona hayatoshi kuamua, maana virusi nao huleta madoa. Daktari anatazama picha nzima: homa imekuja ghafla, koo linauma lakini hakuna kikohozi wala makamasi, tezi za mbele ya shingo chini ya taya zinauma zikiguswa, tonsesi nyekundu zenye utando. Hapo anafikiria bakteria. Mtoto mwenye makamasi, kikohozi, sauti iliyokauka na macho mekundu karibu kila mara ni virusi, naye anahitaji panadoli ya maji kwa kipimo cha uzito wake, vinywaji vingi na kupumzika. Na kwetu huku, homa yoyote ipimwe malaria vilevile, hata kama koo linaonekana wazi kuwa bovu.

Kuna jambo hukuliandika: alimeza amoksilini siku ngapi? Umesema siku ya tatu anakuwa mzima. Naogopa siku ya nne chupa ilirudi kabatini. Kama kweli ni streptokoka, dawa humezwa siku 10, hata kama siku ya tatu mtoto anapanda mwembe. Kuna pia sindano moja ya benzathini penisilini ya kwenye msuli, inauma, lakini inachukua nafasi ya zile siku 10, na kwa mama ambaye anajua hatamaliza chupa mimi naona ni bora. Kama si streptokoka, basi hakuihitaji kabisa, na kila chupa ya bure inawafundisha vijidudu kuizoea dawa. Usugu huo tunaulipia wote, kwa sababu kijidudu sugu hakibaki nyumbani kwako.

Nunua daftari dogo. Kila koo likimshika andika tarehe, homa ilifika ngapi, ulichokiona, dawa aliyopewa na siku alizokosa shule. Daktari wa koo anapofikiria kuondoa tonsesi kwa sababu ya kuumwa mara kwa mara, kwa kawaida anatafuta mtoto aliyeumwa vibaya mara 7 ndani ya mwaka 1, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2 mfululizo, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Mwanao ana mara nne, na hatujui ngapi kati ya hizo zilikuwa tonsesi kweli. Bado hajafika huko. Wengi huacha kuumwa hivi wakikua.

Nyumbani, kwa mtoto wa miaka 6 anayejua kutema, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, asukutue koo na kutema. Asali kijiko kimoja inatuliza, ila asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka. Usimsugue tonsesi kwa kidole chenye chumvi wala majivu. Najua inafanyika, na nimeona makoo yaliyochubuliwa hivyo.

Na usiku wa manane, ukiwa na tochi ya simu na wasiwasi, achana na madoa. Mtazame mtoto mwenyewe. Je, anameza mate yake, au yanadondoka? Je, anapumua kimya, au kuna mlio akivuta hewa na mbavu zinaingia ndani? Je, amekojoa tangu jioni? Mtoto mwenye madoa meupe anayekunywa, anayepumua vizuri na aliyekojoa anaweza kusubiri asubuhi. Mtoto asiye na doa hata moja ambaye mate yanamtoka, ameinama mbele na hataki kulala chali, huyo asisubiri. Usimfungulie mdomo kwa nguvu wala kumwingiza kijiko kooni. Mbebe akiwa amekaa, nenda hospitali, Mawenzi au KCMC, saa hiyohiyo.

Jambo moja zaidi, halafu nikuache. Tafuta kadi yake ya kliniki uone kama alipata chanjo zote tatu za wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ndani ya sindano hizo kuna kinga ya dondakoo, ugonjwa unaoweka utando wa kijivu kooni mpaka hewa inakosa njia, na kuna kinga ya ile pepopunda niliyokusimulia.

*

*Mama shikamoo, mimi ni dereva wa bodaboda, Kwa Mrombo, Arusha, miaka 23. Koo linauma siku ya sita. Upande wa kushoto tu. Nilimeza dawa za rangi mbili, vidonge sita, nikaona nafuu, sasa limerudi vibaya na sikio linauma. Mdomo haufunguki, hata kijiko cha wali hakipiti. Nasikia abiria wanalalamika hawanielewi nikiongea. Kuna dawa kali zaidi ya kununua? Sitaki kupoteza siku.*

Huyu ndiye niliyempigia. Aliposema "marahaba mama" badala ya "shikamoo" nikajua maumivu yamemchanganya, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeongea huku ameshikilia maji mdomoni. Nilimwambia aegeshe pikipiki, aende hospitali ya Mount Meru, asijiendeshe.

Ninaiweka barua hii hapa kwa ajili ya vijana wengine wa stendi. Koo linalouma upande mmoja, mdomo kukataa kufunguka, sikio la upande uleule kuuma, sauti kubadilika na mate kushindwa kumezeka, hizo zikikutana ni dalili za jipu nyuma ya tonsesi. Huwapata zaidi vijana na watu wazima wa umri wake kuliko watoto wadogo. Usaha umejikusanya na hauna mahali pa kutokea. Hakuna kidonge cha dukani kitakachoutoa. Daktari anaganzisha, anaingiza sindano au anapasua kidogo, usaha unatoka, na mara nyingi mgonjwa anafungua mdomo kabla hajashuka kwenye kiti. Nimeshika bakuli mara nyingi kwenye kazi hiyo. Watu wazima hulia kwa unafuu. Baada ya hapo ndipo dawa, mara nyingine kwa dripu.

Ukiuacha, usaha unaweza kushuka shingoni mpaka kifuani, au kuvimba kwake kukaba njia ya hewa. Siku uliyokwepa kuipoteza inakuwa wiki mbili.

Kijana wangu, umenitumia ujumbe kwamba wamekutoa usaha na umekunywa uji. Maliza dozi. Ile ya awali ulinunua vidonge sita, yaani siku mbili, na mbili hazitoshi kwa ugonjwa wowote wa koo ninaoufahamu.

*

*Habari za kazi dada. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya bweni, nje kidogo ya mji wa Moshi. Mwanafunzi wa darasa la tano aliumwa koo wiki tatu zilizopita, tukampa panadoli, akapona. Sasa analalamika goti, limevimba. Juzi lilikuwa goti la kulia, leo ni kifundo cha mguu wa kushoto. Homa ipo kidogo. Matroni anasema ni mambo ya kukua au anakwepa mchaka mchaka. Nimejisikia vibaya nikaona nikuandikie.*

Nzuri mwalimu, na asante kwa kujisikia vibaya. Mpeleke mtoto huyo hospitali kesho asubuhi, wala usingoje mwisho wa wiki. Mwambie daktari kwa maneno haya: "Aliumwa koo wiki tatu zilizopita, sasa maungo yanauma kwa kuhama." Sentensi hiyo moja itamwelekeza.

Maumivu ya kukua hayavimbishi goti wala hayaleti homa. Kinachohofiwa hapa ni homa ya baridi yabisi ya moyo. Streptokoka anapita kooni, koo linapona, na wiki 2 au 3 baadaye kinga ya mwili, iliyojifunza kumpiga yule kijidudu, inaanza kupiga maungo na vali za moyo za mtoto mwenyewe. Huwapata zaidi wenye miaka 5 hadi 15, umri wa wanafunzi wako. Maungo yanapona bila alama. Vali za moyo zinaweza kubaki na kovu.

Mdogo wangu wa kike aliumwa koo akiwa darasa la tano. Nyumbani tulimpa chai ya tangawizi. Baadaye magoti yalimuuma, mama akamkanda na maji ya moto, akapona, tukasahau. Alikuwa mwepesi wa kuchoka kupanda mlima kurudi kutoka sokoni, tukamwita mvivu. Tulijua ni moyo alipobeba mimba ya kwanza: mapafu yalijaa maji mwezi wa saba, kwa sababu vali iliyosinyaa haikuweza kupitisha damu ya watu wawili. Alikuwa na miaka 24. Nilikuwa tayari nimevaa gauni jeupe la uuguzi na sikuweza kufanya chochote. Tangu hapo sijaweza kumsikia mtu akisema "ni koo tu" nikanyamaza.

Kwa hiyo mwalimu, sikiliza pia na mengine: mtoto anayehema akipanda ngazi, mapigo ya moyo yanayokimbia akiwa amekaa, mikono inayorukaruka bila yeye kutaka hadi mwandiko unaharibika na mwalimu anamchapa kwa uchafu wa daftari. Hilo la mwandiko nawaomba walimu wote mlishike. Na uso ukivimba asubuhi na mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi wiki moja hadi tatu baada ya koo, hapo ni figo, naye hospitali siku hiyohiyo.

Watampima damu na kumfanyia kipimo cha ekho cha moyo. Ikithibitika, atapewa sindano ya benzathini penisilini kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, ili koo lisimrudie na kila pigo lisiongeze kovu. Hapo ndipo ninyi walimu wa bweni mnakuwa wauguzi: tarehe za sindano ziandikwe ukutani ofisini, asichelewe kwa sababu ya mtihani wala mahafali. Wale ambao vali zimeshaharibika, leo upasuaji unafanyika hapahapa nchini, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Zamani za mdogo wangu hapakuwa na mlango huo.

Usijilaumu kwa panadoli mliyompa. Ila lijue hili kwa bweni zima: mtoto wa umri huo mwenye homa, koo bovu na tezi, bila mafua, apelekwe aangaliwe. Huna haja ya kukimbia usiku. Dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma bado inamkinga moyo. Siku 9 zinatosha kwa shule yoyote kupata gari.

*

*Natoa vitu vyeupe kama punje za mchele kwenye tonsesi, vinanuka sana. Mdomo unanuka hata nikipiga mswaki mara tatu. Mchumba wangu hajasema kitu lakini naona. Je, ni kansa? — Binti wa Njiro*

Si kansa, binti yangu. Tonsesi zina vishimo. Mabaki ya chakula, seli zilizokufa na bakteria hujikusanya humo na kuganda kuwa vijiwe. Havina madhara. Sukutua kwa maji ya chumvi kwa nguvu kila baada ya kula, piga mswaki na ulimi, kunywa maji. Usichokonoe kwa pini wala kibiriti, utatoboa na kutoka damu. Vikizidi sana kukusumbua daktari wa koo ana njia zake.

Lakini kwa kuwa umeitaja kansa, wacha niseme na baba zetu wanaosoma juu ya bega lako. Mtu mzima ambaye tonsesi moja imekuwa kubwa kuliko ya pili, au ana uvimbe shingoni usioisha wiki 3, au koo upande mmoja linamuuma kwa wiki hizo, au anakonda na kutema mate yenye damu, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo. Zaidi sana akiwa mvutaji sigara na mnywaji wa kila siku. Uvimbe wa namna hiyo mara nyingi hauumi, na ndiyo maana watu wanaubeba mwaka mzima chini ya kola ya shati.

*

*Shikamoo mama. Binti yetu ana miaka 5, tunaishi Sakina, Arusha. Anakoroma kama mtu mzima, anahemea mdomo, analala shingo ameitupa nyuma. Usiku pumzi inakata kidogo kisha anashtuka. Ameanza tena kukojoa kitandani. Daktari amesema tonsesi ni kubwa na ana nyama za puani, atolewe zote katikati ya Desemba shule zikifungwa. Mke wangu anaogopa nusu kaputi, na anasikia mtoto akitolewa tonsesi kinga inakwisha. Halafu bibi yake anamtaka kwake Mwika, Kilimanjaro, Krismasi. — Baba wa Sakina*

Marahaba baba. Huyu mpelekeni. Barua yako na ya Mama wa Majengo zinafanana majina ya ugonjwa lakini hazifanani. Yule anaumwa na kupona. Wa kwako anakosa hewa kila usiku mnapolala. Pumzi inayokatika usiku inamnyima usingizi wa kweli, ndiyo maana kitanda kinalowa na mchana huenda ana hasira au hatulii darasani. Mrekodini kwa simu akiwa amelala, dakika mbili tatu, kifua kikiwa wazi kionekane. Daktari ataithamini video hiyo kuliko maelezo yetu yote.

Kinga haiishi. Mwili una tezi nyingine nyingi za kazi hiyo, na watoto waliotolewa tonsesi wanakua kama wengine. Hofu ya nusu kaputi naielewa. Iondoeni kwa kumwambia daktari wa usingizi kila kitu: kama ana mafua au kikohozi wiki hiyo, jino linalotikisika, pumu, kama kuna seli mundu kwenye ukoo, kama kuna mtu kwenu ambaye damu ilikataa kukatika baada ya kung'oa jino au kutahiriwa. Akiwa na mafua, kuahirisha si hasara. Saa mtakayoambiwa aache kula, aache kweli. Najua bibi atamwonea huruma na kumpa kipande cha mkate. Tumbo lenye chakula kwenye nusu kaputi ni hatari.

Baada ya upasuaji mama asishtuke akiona kooni pameota utando mweupe wenye unjano na mdomo unanuka. Huo si usaha, ni kidonda kinavyofunga, na unatoka wenyewe ndani ya siku 10 hivi. Maumivu hayapungui kwa mpangilio: siku ya 3 hadi ya 5 mara nyingi ni mbaya kuliko ya kwanza, na masikio yatauma ingawa hayana ugonjwa. Mpeni dawa ya maumivu kwa saa zake, si mpaka alie, na asipewe aspirini. Anywe. Kunywa ndiko kunakoponya. Mtori uliopondwa laini na kupoa, uji wa ulezi, maziwa, na ndiyo, aiskrimu, hata kama majirani watashangaa. Chipsi, karanga, mahindi ya kuchoma, ndimu na pilipili zisubiri wiki mbili.

Sasa Mwika. Damu inaweza kutoka ndani ya saa 24 za kwanza, akiwa bado kwenye uangalizi, lakini kuna kipindi cha pili, kati ya siku ya 5 na ya 10, utando unapobanduka. Upasuaji ukiwa tarehe 15, kipindi hicho ni tarehe 20 hadi 25. Yaani Krismasi yenyewe. Damu mbichi mdomoni, au matapishi meusi, au mtoto aliyelala anayemezameza mate bila kukoma, ni kurudi hospitali palepale, hata kama damu imesimama yenyewe. Kutoka Sakina mnafika Mount Meru haraka. Kutoka Mwika usiku, wakati kila gari la ukoo liko kwenye sherehe na madereva wameshaonja mbege, sitaki hata kufikiria.

Mwalikeni bibi aje Sakina. Mtumieni nauli, aje na ndizi zake apike huo mtori mwenyewe. Mjukuu atakula kwa mkono wake kuliko wa mtu yeyote. Na kabla ya siku ya upasuaji tafuteni dereva mmoja wa bajaji anayelala karibu na kwenu, mwelezeni, namba yake ibandikwe kwenye mlango wa chumba cha mtoto.